Kujenga Kizimba cha Sungura Kinachohimili Joto la Mtwara na Lindi

Watu wanaoanza kufuga sungura huku kwetu huniuliza maswali yale yale: kizimba kiwe na ukubwa gani, sakafu iwe ya wavu au ya mbao, bati linafaa au halifai, na kwa nini sungura wamekufa mchana mmoja ilhali asubuhi walikula vizuri. Nimeona ni heri kuyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mtu mwenye nyundo na msumeno anaweza kuufuata peke yake au akiwa na fundi wa mtaani.

Jambo moja litangulie. Michoro mingi ya vizimba inayosambazwa imetoka kwa wafugaji wa nchi za baridi au wa nyanda za juu, ambako adui wa sungura ni upepo wa usiku. Pwani ya kusini adui wa kwanza ni joto, wa pili ni unyevu, kisha ndipo waje nyoka, siafu na wezi. Kizimba changu cha kwanza nilikijenga Mikindani kwa kunakili mchoro wa mfugaji wa Iringa: kuta tatu za mbao, na bati lililokaa kiganja kimoja tu juu ya dari. Siku moja ya Januari nilirudi nyumbani saa nane mchana nikamkuta jike mwenye mimba amejinyoosha sakafuni, pua imelowa, masikio ya moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Hakufika jioni.

Sungura hatoi jasho kama sisi. Joto lake hulipunguza kwa masikio na kwa kuhema, na hustarehe zaidi hewa ikiwa kati ya nyuzi 15 na 20. Ikipita 30 huanza kuteseka, na kuanzia Novemba hadi Machi mchana wetu hufika hapo mara nyingi, tena hewa ikiwa nzito kwa unyevu. Ndiyo maana katika mwongozo huu paa linasimama peke yake juu ya nguzo zake, na kizimba kinasimama chini yake kwa miguu yake, bila hivyo viwili kugusana.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

Vipimo vilivyomo humu ni vya kizimba cha vyumba viwili, chenye urefu wa sentimita 200, kina cha 60 na kimo cha 50. Kila chumba ni cha sungura mmoja mkubwa, au jike na watoto wake. Usizidishe kina kupita sentimita 60, kwa sababu mkono wako lazima ufike kona ya nyuma bila wewe kuingiza kichwa.

Kwa ajili ya paa:

- nguzo nne za sentimita 250 na nguzo mbili za sentimita 330, za mvinje au mti mwingine mgumu;
- miti mitatu iliyonyooka ya sentimita 300, mmoja wa mgongo na miwili ya pembeni;
- fito za kombamoyo na pau, pamoja na kamba;
- makuti ya viungo, si ya kumba. Makuti ya kumba ni ya ua, na ukiyaezekea yatavuja mvua ya kwanza ya Desemba.

Kwa ajili ya kizimba:

- mbao nane za inchi 2 kwa 2, zenye urefu wa futi 12;
- wavu wa chuma uliochomelewa, wenye matundu ya nusu inchi kwa inchi moja, mita 10 ikiwa upana wake ni sentimita 90;
- misumari ya inchi 3 na ya inchi 1, na misumari ya U;
- bawaba nne, makomeo mawili na kufuli;
- makopo sita ya chuma yanayoweza kuingiza mguu wa mbao na kubakiza nafasi pande zote;
- mabakuli manne mazito ya udongo;
- mianzi iliyopasuliwa, na magunia ya katani au mikeka chakavu.

Zana ni msumeno, nyundo, koleo la kukatia waya, futi kamba, pima maji, uzi, jembe na mtaimbo.

Maonyo mawili yanahusu ununuzi wenyewe. Mbao za paini zenye rangi ya kijani zimetiwa dawa ya mchwa, na kwa kuwa meno ya sungura hukua maisha yake yote, atatafuna kila ubao anaoufikia. Mbao hizo zitumie kwenye paa tu, kamwe si ndani ya kizimba. Nguzo za mikoko nazo, hata ukiletewa mlangoni kwa bei nzuri, usizinunue bila kuonyeshwa kibali, kwa sababu misitu ya mikoko inalindwa kisheria.

Hatua za ujenzi

1. Chagua mahali. Tafuta sehemu iliyoinuka kidogo, isiyotuama maji wakati wa masika, inayopata upepo, na iliyo karibu na nyumba kiasi cha kusikia kishindo usiku. Kivuli cha mwembe kinafaa sana. Chini ya mnazi usijenge kabisa, na sababu yake sidhani kama inahitaji maelezo.

Mkorosho unahitaji tahadhari ya peke yake, kwa kuwa karibu kila anayeniomba ushauri ana mkorosho uani na kivuli chake kinamvutia. Kuanzia mwezi wa sita wakulima hupuliza salfa ya unga dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na unga huo wa salfa hubebwa na upepo wa kusi hadi mbali na mti uliokusudiwa. Sungura hana pa kukimbilia, na unga ukimwingia puani na machoni unamuumiza. Ikiwa mikorosho yako au ya jirani inapulizwa salfa, sogeza kizimba mbali nayo, na usikate majani ya kulishia chini ya miti hiyo wala dawa nyingine za mikorosho zinapopigwa.

2. Weka alama na usimamishe nguzo. Pima mstatili wa sentimita 240 kwa 160, upande mrefu ukienda kutoka mashariki hadi magharibi. Kwa mwelekeo huo jua la asubuhi na la jioni litapiga ncha fupi tu, ambazo utaziziba baadaye, na pande mbili ndefu zitabaki wazi kwa upepo wa kaskazi na wa kusi. Chimba mashimo ya sentimita 50 kwenye kona nne na katikati ya kila ncha. Simamisha nguzo fupi kwenye kona na ndefu katikati ya ncha, shindilia udongo kwa mtaimbo, kisha nyoosha kwa uzi. Nguzo za kona zitatokeza sentimita 200 juu ya ardhi, na za mgongo 280. Sehemu ya kuzikwa ipakwe oili chafu dhidi ya mchwa. Huko sungura hafiki.

3. Ezeka. Funga mti wa mgongo juu ya nguzo ndefu na miti ya pembeni juu ya nguzo za kona, yote ikichomoza sentimita 30 kila ncha. Panga kombamoyo kutoka mgongoni kushuka, nazo zipite mti wa pembeni kwa sentimita 30, kisha funga pau kwa upana. Anza kuezeka kutoka chini ukipanda, kila safu ikiifunika ya chini yake na kubakiza upana wa vidole vinne tu. Mteremko wa vipimo hivi ni mkali kwa makusudi, kwa maana makuti yaliyolazwa hunywa maji na kuoza mapema.

Wengine watauliza kama bati haliwezi kutumika. Linaweza, lakini uweke makuti au majani mazito chini yake na uliinue juu zaidi. Ukishalipa hizo gharama mbili, sioni faida ya bati.

4. Unda fremu ya kizimba. Kata vipande vinne vya sentimita 200 kwa urefu, vinane vya 60 kwa kina, na sita vya 140 kwa miguu. Unganisha fremu ya chini na ya juu, kisha zipigilie kwenye miguu sita: minne kwenye kona na miwili katikati. Uso wa fremu ya chini uwe sentimita 90 kutoka ardhini, na ya juu ikae mwisho wa miguu. Vipande vya kina viwekwe kwenye ncha mbili na katikati, chini na juu, na viwili vinavyosalia vipite katikati ya sakafu ya kila chumba ili wavu usilegee. Tumia pima maji kabla ya kupigilia msumari wa mwisho, kwa sababu kizimba kilichoinama hukusanya mkojo kona moja.

5. Tandaza sakafu. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wavu wa kuku wenye matundu ya pembe sita haufai kuwa sakafu, kwani ni mwembamba, hulegea, na hukata nyayo. Sakafu ya mbao nzima haifai pia, kwa kuwa inahifadhi mkojo na kinyesi, na sungura anayekaa juu ya uchafu wake hupata ugonjwa wa kuhara kwa urahisi. Tumia wavu uliochomelewa, ukiupigilia juu ya fremu na si chini yake, nyaya zilizokaribiana zikitazama juu. Baada ya kupigilia, pitisha kiganja chako taratibu juu ya sakafu yote. Penye kukuchoma pangemchoma na yeye, kwa hiyo pakunje au pakate.

Fedha zikipungua, sakafu ya mianzi inafaa. Pasua mianzi vipande vya upana wa sentimita mbili na nusu, upande laini wa nje utazame juu, na uviachie mwanya wa sentimita moja na nusu. Mwanya mpana zaidi ya huo hunasa miguu ya watoto, na mwembamba zaidi hauruhusu kinyesi kupita. Mianzi hutafunwa na kuloa, hivyo ujiandae kubadilisha vipande mara kwa mara.

6. Funga kuta, dari na milango. Zungushia wavu huo huo pande zote, juu, na kati ya vyumba viwili. Kutumia wavu wenye matundu makubwa kwenye kuta kunaonekana kama kubana matumizi, lakini mtoto wa sungura wa siku chache hupita kwenye tundu ambalo usingelidhania, na nyoka mwembamba huingia kwa njia hiyo hiyo. Dari nayo lazima ifungwe kwa wavu, kwani paka shume na nyoka hushuka kutoka kwenye makuti. Kila chumba kiwe na mlango wa sentimita 45 kwa 45 unaofunguka kwa nje, wenye bawaba mbili na komeo. Komeo la kamba halitoshi. Nguchiro ana subira kuliko kamba.

7. Ziba ncha na utengeneze pazia. Ncha ya mashariki na ya magharibi ya paa, kutoka mti wa juu hadi chini kidogo ya sakafu ya kizimba, zizibwe kwa mianzi au makuti ya kumba. Hapa sasa ndipo yanapofaa. Pande ndefu tundika magunia yanayokunjwa juu na kushushwa mvua inapopigwa na upepo. Pazia lininginie kutoka kwenye paa bila kugusa kizimba, kwa sababu itakayoelezwa katika hatua inayofuata.

8. Kisimamishe juu ya makopo. Ingiza kizimba chini ya paa, ukibakiza sentimita 30 nyuma na 70 mbele ili upate pa kusimama. Kila mguu uwe ndani ya kopo lenye oili chafu kiasi cha vidole viwili. Hii ni kinga ya siafu. Nilipuuza jambo hili mwaka wangu wa pili, na usiku mmoja siafu walimaliza watoto sita ndani ya sanduku. Asubuhi nilikuta manyoya ya mama yao tu. Kinga hii hufanya kazi ikiwa tu hakuna daraja jingine. Jani moja la nyasi linalogusa ukuta, kamba iliyosahaulika, au pazia lililoegemea wavu, vyote ni barabara kwa siafu. Zunguka kizimba kila jioni uangalie, na ondoa majani yaliyoanguka ndani ya makopo.

9. Weka maji, chakula na ubao. Mabakuli ya udongo ni bora kuliko ya plastiki, kwani hayapinduliwi wala kutafunwa, na maji hubaki ya ubaridi. Kila chumba kiwe na bakuli la maji na la pumba. Jike anayenyonyesha wakati wa joto anaweza kumaliza lita moja na zaidi kwa siku, hivyo jaza asubuhi, mchana na jioni. Majani usiyatupe sakafuni. Tengeneza hori la umbo la V kwa mabaki ya wavu na ulitundike ukutani. Mwisho, weka ubao mkavu usio na dawa wa sentimita 30 kwa 40 katika kila chumba, ili sungura apumzishe nyayo zake.

10. Tengeneza sanduku la kuzalia. Liwe na urefu wa sentimita 40, upana wa 30 na kimo cha 30, mbele likikatwa hadi sentimita 15 ili mama aruke ndani na watoto wasitoke. Toboa matundu madogo chini yake. Mimba ya sungura huchukua takribani siku 31, kwa hiyo hesabu kuanzia siku ya kupandisha na uliingize siku ya 28 likiwa na nyasi kavu laini. Ukiliweka mapema atalifanya choo. Usitumie nyuzi ndefu za makumbi ya nazi, kwa sababu hujizungusha kwenye miguu ya watoto.

11. Kijaribu kizimba kabla ya kuingiza mnyama. Keti karibu nacho siku moja kuanzia saa sita hadi saa tisa. Ikiwa mwali wa jua unafika sakafuni, ongeza kizuizi au pazia. Kisha mwaga ndoo ya maji juu ya paa na ndoo nyingine sakafuni. Ya juu isidondoke ndani, na ya chini ipite yote. Ndipo uingize sungura, jioni, mmoja kila chumba. Madume wawili hawakai pamoja, na jike hupelekwa kwa dume wakati wa kupandisha tu.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

*Sungura anahema upesi, amejilaza, masikio ni ya moto.* Mhamishie kivulini penye upepo na ulowanishe masikio yake kwa maji ya kawaida, si ya barafu, wala usimtumbukize kwenye ndoo. Siku za joto kali gandisha maji kwenye chupa ya plastiki, ifunge kwa kitambaa na uiweke chumbani. Atajilaza kando yake mwenyewe. Kama hali hii inajirudia kila mchana, kosa liko kwenye kizimba: ama paa liko chini mno, ama kuna upande umezuia upepo.

*Harufu kali.* Ikiwa inakuchoma macho wewe uliyesimama, kwake yeye ni mbaya zaidi. Tandaza mchanga au maranda chini ya kizimba na uyaondoe kila baada ya siku tatu. Mchicha utanufaika nayo.

*Nyayo zina vidonda au manyoya yameisha.* Angalia kama wavu umelegea au una ncha iliyojitokeza, na kama ubao wa kupumzikia umelowa. Kuwa na mbao mbili kwa kila chumba, moja ikitumika na nyingine ikianikwa juani.

*Anatafuna fremu.* Mpe vijiti vibichi vya mwembe au vya mpera, na maliza kwa kupigilia ukanda wa wavu juu ya sehemu anayoipenda.

*Kinyesi kinaganda kwenye kona.* Sungura huchagua kona moja kuwa choo. Isugue kwa burashi ya waya kila wiki, na usiweke hori wala sanduku juu yake.

*Watoto wanakutwa nje ya sanduku.* Mara nyingi walikuwa wananyonya mama aliporuka nje. Warudishe baada ya kuupasha mkono wako joto. Mama hatawakataa kwa sababu uliwashika. Likitokea kila siku, inua kizingiti cha mbele kwa sentimita mbili au tatu.

*Sungura anapiga kishindo kwa miguu usiku.* Ameona au amenusa kitu. Chukua tochi na fimbo ndefu, umulike kwanza makuti yaliyo juu ya kizimba, kisha dari ya wavu, kisha makopo ya miguu, na usifungue mlango hata mmoja mpaka uwe umejua ni nini.